Siku Kumi na Mbili Üsküdar



Wasomaji wetu wapenzi, baadhi yenu mmeuliza kwa nini ukurasa huu ulikosekana majuma mawili mfululizo mwezi wa Desemba. Hayakuwa maradhi, alhamdulillah. Tulikuwa safarini Istanbul, tukifuatana na mama watoto, kwenda kumtazama binti yetu mkubwa ambaye yuko huko kimasomo, na huu ni mwaka wake wa tatu. Kumtazama ni neno la adabu. Haki tuseme kwamba tulikwenda kumkagua.

Wenye kutujua wanajua kwamba safari yake hiyo tuliipinga. Mara ya kwanza alipopata ufadhili tulikataa, nafasi ikapita. Mwaka wa pili aliomba tena, akapata tena, nasi tukakataa tena. Tulikuwa na hoja zetu: umbali, kukosa maharimu, lugha asiyoijua, mji wenye watu zaidi ya milioni 15 ambamo hata jirani hajui nani ameamka na nani hakuamka. Hoja hizo zilikuwa na vitabu nyuma yake, na vitabu hivyo hatujavitupa. Mwaka wa tatu mama yetu mzazi alituita chumbani kwake, akafunga mlango, akauliza: "Mwanangu, unamlinda yeye au wajilinda wewe?" Hatukuwa na la kumjibu. Tulitoka tukatia saini ile karatasi pasi na kuisoma, kama mtu anayemeza dawa chungu akiwa amefumba macho.

Tangu hapo mama yake alizungumza naye kwa simu kila usiku. Sisi tulikuwa tukiuliza mawili tu: unasali, na umekula nini.

Jambo la kwanza lililotuchanganya huko ni saa. Saa ya Uturuki na saa ya Kenya ni moja, hatukuhitaji kugeuza mshale. Lakini jua halikuwa na habari na mishale yetu. Kwetu Mombasa mwaka mzima jua hutoka karibu na saa kumi na mbili, na ndiyo maana mtoto wetu akisema "saa moja ya asubuhi" anajua kwamba kumekucha. Istanbul mwezi wa Desemba saa moja ya asubuhi ni usiku mtupu, na jua huchomoza saa mbili zimekwisha kupita. Kisha siku yenyewe ni fupi kama kanzu ya mwaka juzi kwa mtoto anayekua: Adhuhuri saa saba, na saa kumi na mbili ya jioni haijafika Magharibi imekwisha adhiniwa. Mama watoto alikuwa hajaosha vyombo vya chakula cha mchana akisikia sala nyingine inaita. Tukakumbuka tulilosoma zamani, kwamba Waturuki wa enzi ya Waothmani walikuwa wakihesabu saa zao kuanzia machweo, kwa hivyo saa moja ya usiku ikawa ni saa moja tangu jua kutua, kama tuhesabuvyo sisi Waswahili. Desturi hiyo waliiacha kwa sheria mwanzoni mwa mwaka 1926. Sisi bado tunayo, na nadra kumpata anayeona kwamba ni amana.

Binti yetu anakaa Üsküdar, upande wa Asia. Maana mji huu umekatwa kati na mlango wa bahari wa Bosphorus, upande mmoja Ulaya na upande mmoja Asia, na watu huvuka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni kama wetu wa Likoni wavukavyo kwenda kisiwani. Yeye na wasichana wenzake wawili wamekodi nyumba ya ghorofa ya nne kwenye mtaa wa mlima. Sisi tulikodi chumba katika jengo lilo hilo, ghorofa ya chini, na kila tulipozipanda zile ngazi tulihesabu umri wetu.

Alfajiri ya kwanza tulishuka gizani hadi msikiti wa Yeni Valide, karibu na pwani. Baridi ilikuwa imeshika masikio. Ndani kulikuwa na safu moja na nusu ya wazee, na zulia lenye joto chini ya miguu, neema ambayo hatukuitarajia. Imamu alipomaliza Fatiha, sisi kwa mazoea ya Kishafi tukaitika "Amin" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Wenzetu ni Mahanafi, Amin huisema kwa siri. Sauti yetu ikapanda peke yake ndani ya kuba, ikazunguka, ikaturudia. Katika rakaa ya pili tukasimama kuingoja kunuti, tumekwisha inua mikono, na jamaa wote wakaenda kusujudu. Baada ya sala mzee aliyekuwa ubavuni alitushika mkono, akatabasamu, akauliza neno moja: "Şafii?" Tukajibu, "Şafii." Wakurdi wengi wa nchi hiyo ni Mashafi, kwa hivyo neno lenyewe halikuwa geni kwake. Aligeuka akawaeleza wenzake, na wote wakatuinamia kichwa kama wenyeji wampokeavyo mgeni. Siku ya pili tuliisema Amin yetu moyoni. Mzee alitugusa kiwiko baada ya salamu, akatutazama kama mtu aliyepungukiwa na kitu.

Ni yeye aliyetuonyesha mkate. Tulipotoka alituongoza mpaka duka la mwokaji, kioo chake kimejaa mvuke, akanunua mikate miwili na akachukua mmoja. Tukadhani amesahau, tukamkimbilia na wa pili. Wakacheka yeye na mwokaji. Binti yetu alitufahamisha baadaye: desturi hii huitwa *askıda ekmek*, yaani mkate uliotundikwa. Mwenye nafasi hulipia miwili, mmoja hubaki kwa mwokaji, naye huandika hesabu yake. Asiye na kitu huja akauliza kama kuna uliotundikwa, akapewa, akaenda zake. Aliyetoa hamjui aliyekula, na aliyekula hamjui aliyetoa. Hakuna picha inayopigwa wala jina linalosomwa. Sisi ambao huku kwetu tumekwisha kuona futari za Ramadhani zikigawanywa mbele ya kamera, mjane amesimamishwa na mfuko wa unga mkononi ajipange vizuri apate kuonekana, tulisimama pale barazani kwa mwokaji muda mrefu kuliko tulivyohitaji.

Desturi yenyewe ina mzizi wa kale. Katika enzi za Waothmani palikuwa na nguzo fupi za mawe zenye shimo juu yake, zikisimamishwa karibu na misikiti na makaburi. Mtu alitia mkono akaacha fedha, au alitia mkono akachukua kiasi cha haja yake, na mpita njia asingeweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Machache katika mawe hayo yamesalia Üsküdar mpaka leo, yakiwa hayatumiki tena.

Kwa mama watoto lugha ndiyo iliyokuwa mchezo wake. Siku ya kwanza sokoni muuza mboga alimwambia, "Merhaba!" Akageuka kwetu kwa mshangao: "Maalim, huyu ataitikiaje marahaba, na mimi sijamwamkia shikamoo?" Kumbe kwao ndiyo salamu yenyewe. Tangu hapo alikuwa akiokota maneno kama mtu aokotaye embe: dakika ni dakika, kitabu ni *kitap*, daftari ni *defter*, sabuni ni *sabun*, hesabu ni *hesap*, kalamu ni *kalem*. Yote ni watoto wa mama mmoja, waliotawanywa na Kiarabu na Kiajemi. Lakini alilolipenda zaidi si neno letu. Waturuki wakila chakula kizuri humwambia aliyepika, *elinize sağlık*, mkono wako uwe na afya. Na wakimpita mtu yeyote aliye kazini, mfagiaji au mwenye duka, humwambia *kolay gelsin*, kazi ikuwie nyepesi. Mama watoto alilitafakari lile la kwanza, kisha akatuuliza ni miaka mingapi amekuwa akipika nyumbani kwetu. Tulibadilisha mazungumzo.

Kuvuka ule mlango wa bahari kuna njia nyingi. Kuna madaraja, na kuna treni ipitayo chini ya maji iitwayo Marmaray, iliyofunguliwa mwaka 2013, ambayo hukutoa Üsküdar ikakutia upande wa Ulaya kwa muda wa dakika chache tu. Tulipanda mara moja, kwa kuwa binti yetu alitaka tuone ustadi wa wahandisi. Baada ya hapo tulishikamana na meli. Meli kutoka Üsküdar hadi Eminönü huchukua kama dakika 20, na hizo ni dakika 20 ambazo watu wa mji ule wenye haraka hukubali kukaa. Mchuuzi hupita na sinia la chai, nyeusi na kali, katika vikombe vya kioo vyembamba kiuno. Wengine hununua *simit*, mkate wa duara uliopakwa ufuta, wakaumega nusu wao na nusu wakawarushia shakwe wanaoandamana na meli. Tuliona mwanamke wa makamo, amevaa koti la kazi, amefumba macho na tasbihi mkononi. Pembeni yake kijana mwenye pete puani anasoma. Hakuna aliyemwangalia mwenziwe.

Mtu wa Mombasa hawezi kupanda meli hiyo asiikumbuke Likoni. Sisi feri yetu mwenda kwa miguu hailipii, na hilo ni jambo la kushukuru. Wao hulipa kwa kadi moja ipandiayo basi, treni na meli. Lakini kila meli ilipofika, ngazi iliteremshwa, watu wakashuka, wengine wakapanda, na hatukumwona mama aliyebeba mtoto akisukumwa mgongoni. Twalisema hili kwa wivu.

Siku ya nne binti yetu alisema, "Baba, leo nitakutembeza mimi." Tulizoea kumtembeza yeye, tangu akiwa mdogo tukimshika kidole kumpeleka chuoni. Akatuanzia gatini. Msikiti ulio mkabala na gati ulijengwa kwa amri ya Mihrimah, binti wa Sultan Süleyman, ukakamilika mwaka 1548. Juu mlimani kuna msikiti wa Atik Valide wa mwaka 1583, wakfu wa Nurbanu, mama wa Sultan Murad wa Tatu. Mingi kati ya majengo yaliyouzunguka ni ya wakfu uo huo: madrasa, hospitali, jiko la kulisha maskini, malazi ya wasafiri. Misikiti yote hiyo miwili ilichorwa na Sinan, msanifu mashuhuri. Ukienda mbele kuna msikiti wa vigae vya buluu, Çinili, wa Kösem, mwaka 1640. Ukirudi chini kuna ule wetu wa Alfajiri, Yeni Valide, uliokamilika mwaka 1710, wakfu wa Gülnuş, mama wa Sultan Ahmed wa Tatu. Tulikuwa tukiingia humo siku tatu pasi na kujua kwamba twasali ndani ya sadaka ya mwanamke. Neno *valide* tulilijua, ni mzazi wa kike. Hatukulizingatia.

Hatutaki kuwapamba mabibi wa kasri. Mali ya kasri ilitoka katika kodi na vita, na wengine katika mabibi hao waliisukuma siasa kwa mikono isiyo safi. Na jambo jingine, ambalo sisi watu wa pwani hatuna ruhusa ya kulipita kimya: Nurbanu, Kösem na Gülnuş, wote watatu waliingia kasri wakiwa mateka, wametolewa makwao wangali wasichana. Hakuna aliyewauliza. Kisha mateka hao ndio walioacha jiko la maskini na maji ya kunywa barabarani. Tulisimama na jambo hilo katika ua wa Yeni Valide. Kaburi la Gülnuş liko hapo, limezungukwa na vyuma lakini halina paa, mvua hulinyea. Katika ukuta wa msikiti, juu sana, kuna vijumba vya mawe vilivyochongwa kwa ajili ya ndege, vina madirisha na vikuba kama misikiti midogo. Mtu alipandishwa juu huko, akalipwa ujira, ili shomoro apate kujihifadhi na baridi.

Bibi yetu mzaa mama hakuwa na kasri. Alikuwa na minazi saba, na miwili aliitoa wakfu kwa taa ya msikiti wa mtaa. Tulipokuwa wadogo tulitumwa kupeleka mafuta kila Alhamisi, tukinung'unika njiani. Umeme ulipoingia watu waliusahau wakfu ule, na leo hatuwezi kumwonyesha mtu ni minazi ipi, wala kama ingali imesimama. Tulimsimulia binti yetu. Akasema hakupata kuijua habari hiyo. Kweli, hatukupata kumwambia.

Mwisho wa matembezi alitupeleka mbele ya hospitali ya Zeynep Kamil. Ilianzishwa mwaka 1862 na Zeynep Hanım, binti wa Muhammad Ali Pasha wa Misri, pamoja na mumewe Yusuf Kamil Pasha, nao wamezikwa katika uwanja wake. Leo ni hospitali ya wazazi na watoto. Binti yetu anasomea ukunga. Alisimama pale langoni, akatuambia kwa sauti ya mtoto anayeonyesha zawadi kabla hajapewa, "Hapa ndipo ninapoomba nipate kufanyia mazoezi." Wanawake walikuwa wakiingia na kutoka, wengine wamebeba vitu vidogo vilivyofungwa mablanketi. Tukakumbuka kwamba shangazi yake, dada yetu wa pili, alifariki katika uzazi, nyumbani, usiku, wakati sisi tukitafuta gari. Tulikuwa hatujawahi kumuuliza kwa nini alichagua ukunga. Hatukumuuliza siku hiyo pia. Tulimwambia tu, "Insha Allah," na kwa mara ya kwanza hatukuwa tumekusudia kumaliza mazungumzo.

Tusije tukaonekana tumelewa kwa mji wa watu. Sigara huvutwa kila mahali, hata na mtu aliyetoka kusali sasa hivi, akiwa hajamaliza kuvaa viatu. Vileo huuzwa waziwazi madukani. Safu ya Alfajiri ni ya wazee; vijana tuliwaona Ijumaa, wamejaa mpaka uani, kisha hatukuwaona tena. Bei hubadilika hata mwenye mkahawa huandika kwa chaki. Na mgeni ana mtihani wake. Usiku mmoja mmoja wa wale wasichana wanaokaa naye alitoboa siri kwa mama watoto: kabla ya kupata nyumba ile binti yetu alikataliwa vyumba vitatu, mara mbili baada ya kuelewana kwa simu, mwenye nyumba alipomwona uso. Alilala majuma mawili juu ya godoro la rafiki yake. Usiku zile zile sisi tulikuwa tukimuuliza amekula nini, naye akitujibu, "Wali, Baba."

Mama watoto alitamani kumuuliza. Tukamzuia. Mtoto aliyekuficha jambo ana sababu, na tulianza kuhisi kwamba sababu hiyo ina jina letu: angetueleza, tungemrudisha.

Ghorofa ya tatu anakaa mama mmoja wa umri wa kukaribia hamsini, wasichana wanamwita *Teyze*, yaani mama mdogo. Siku ya pili mama watoto alimpelekea haluwa ya Mombasa kwenye sahani. Siku ya tatu sahani ilirudi na *helva* ya kwao, nyeupe, ya ufuta. Hapo urafiki ulithibiti, kwa kuwa kumbe na wao kama sisi hawarudishi sahani tupu. Mama watoto akapeleka mahamri. Sahani ikarudi na majani ya mzabibu yaliyofungwa wali. Ile sahani ilipanda na kushuka ngazi siku kumi.

Jioni moja Teyze alitualika sote chai. Binti yetu alikuwa mkalimani. Akatusimulia kwamba yeye naye alianza chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ilipokaza marufuku ya mtandio vyuoni baada ya majenerali kuingilia siasa mwaka 1997. Wasichana walisimamishwa malangoni: vua au rudi. Wengine walivua. Wengine walivaa nywele za bandia juu ya mtandio ili wapite. Yeye alizivaa hizo nywele mwezi mmoja, siku moja akajiona katika kioo cha basi, akashuka, hakurudi tena. Marufuku ilianza kulegezwa mwaka 2010, naye alikuwa amekwisha kuwa mama wa watoto watatu. Mwanawe wa kike sasa yuko chuo kikuu na mtandio wake. Aliyasema haya bila machozi, huku akitumiminia chai.

Kisha akamgeukia binti yetu na kumuuliza jambo kwa Kituruki. Binti yetu akajibu kwa maneno machache, macho chini. Kukawa kimya. Tukamuuliza, "Amesema nini?"

"Ameuliza mbona nimechelewa kuanza, wenzangu darasani ni wadogo kwangu kwa miaka miwili."

"Nawe umemwambia nini?"

"Nimemwambia karatasi zilichelewa, Baba."

Tulikitazama kikombe chetu. Teyze, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiswahili, alitusogezea bakuli la sukari. Mama watoto alikohoa kidogo, akaanza kuuliza ile helva hupikwa vipi.

Wengine mtasema alidanganya. Sisi tuliokaa pale hatukuweza kumhukumu hivyo. Karatasi zilichelewa kweli, na tulijua zilikochelewa.

Neno moja la haraka kuhusu kina mama na misikiti ya huko, kwa sababu tunajua mtauliza. Mama watoto alisali katika misikiti saba, na hii ni ripoti yake wala si yetu. Mahali pao ni juu rosheni, au nyuma penye pazia. Katika msikiti mmoja ngazi ni nyembamba na bibi mwenye magoti mabovu hawezi kupanda. Katika mwingine alikuta mashine ya kufagilia na mazulia yaliyokunjwa. Lakini mahali pao pako, na wao wako, Adhuhuri na Alasiri, na mifuko yao ya sokoni, wakasali na kwenda zao, hapana anayewauliza wametoka wapi. Na ule msikiti mkubwa wa Çamlıca ulio kilimani, mkubwa kuliko yote Uturuki, uliofunguliwa mwaka 2019, ulichorwa na wasanifu wawili wanawake. Aliporudi kutoka huko alituuliza habari za mchoro wa mlango wa kina mama katika msikiti wetu wa mtaa. Mchoro uko ndani ya faili ya kamati, mwaka wa nne huu. Sisi ni katika wajumbe.

Alfajiri ya mwisho tulikwenda na binti yetu, akaenda kusali mahali pa wanawake. Tulipotoka tulipita kwa mwokaji. Mama watoto alifungua kipochi chake, akaonyesha vidole vitano, kisha akasema kwa Kituruki neno moja alilojifunza, *askıda*. Mwokaji aliandika. Tukapanda mlima kuchukua mabegi, na kungali giza, saa moja na nusu ya asubuhi.

Nyumbani tulifika usiku. Binti yetu mdogo, aliyemaliza kidato cha nne mwaka huu, alikuwa macho akitungoja. Tulimletea simit sita, ambazo kwa safari zilikuwa zimekauka kama magome. Alizichovya katika chai ya maziwa, akasema ni tamu, kwa ajili ya kutufurahisha. Hakuuliza lolote. Lakini asubuhi, tuliporudi kutoka msikitini, kando ya kikombe chetu palikuwa na karatasi, imewekwa sawasawa, imegandamizwa na kopo la sukari isipeperuke. Mahali pa saini ya mzazi palikuwa patupu. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni, anajifanya anatafuta kitu.

Tulivaa miwani tukaisoma yote, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Kisha tukamwita atuletee kalamu.